Maumivu ya Kongosho Yanayoanzia Shingoni
Nyuma ya tezi ya shingo iitwayo thairoidi zimo tezi nyingine, kwa kawaida nne, kila moja ikikaribia ukubwa wa punje ya mchele. Hizo ni parathiroidi, zinazodhibiti madini ya kalsiamu katika damu. Mojawapo ikiota uvimbe, ambao mara nyingi si saratani, hufanya kazi kupita kiasi. Kalsiamu hutolewa mifupani na kuzidi katika damu.

Hapo kongosho huweza kuumia. Vimeng'enya vya chakula, vinavyopaswa kuanza kazi vikifika utumbo mwembamba, huanza vingali ndani ya kongosho na kulishambulia lenyewe. Mgonjwa hupata maumivu makali ya ghafla juu ya kitovu, yanayopenya hadi mgongoni, pamoja na kutapika. Huyo apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Visababishi vikuu vya ugonjwa huu ni vijiwe vya nyongo na pombe, na ndiyo maana hata asiyeonja pombe hushukiwa bure. Mwaka 1957, daktari mpasuaji Oliver Cope na wenzake wa Boston, Marekani, walieleza kuwa kongosho lililovimba laweza kufichua ugonjwa wa parathiroidi. Kipimo cha kalsiamu huonyesha hilo, ila wakati wa shambulio kiwango chaweza kushuka kikaonekana cha kawaida. Yafaa kipimo kirudiwe mgonjwa apatapo nafuu. Aliyewahi kuugua vijiwe vya figo amweleze daktari. Kuacha maziwa hakuponyi tezi hiyo. Tiba yake ni kuiondoa kwa upasuaji.