Kuamka Mapema Baada ya Sonona: Kwa Nini Asubuhi Huchelewa Kupona

Katika vijiji vya Ngara na Biharamulo, mtu hupimwa kwa saa anayoamka. Mvua za vuli zinapoanza, aliyekwisha kushika jembe kabla ya jua kuchomoza huhesabiwa mchapakazi, na aliyebaki kitandani huitwa mvivu. Kipimo hicho kina manufaa yake katika nchi ya wakulima. Hata hivyo, humwonea mtu mmoja: yule anayetoka katika ugonjwa wa sonona, ambaye hamu ya chakula imemrudia, mazungumzo yamemrudia, hata kicheko kimemrudia, lakini asubuhi bado haijarudi.

Sonona si huzuni ya siku moja wala mawazo ya msimu wa njaa. Wataalamu huitambua pale ambapo moyo mzito au kukosa raha ya jambo lolote kunadumu kwa wiki mbili au zaidi, kukiandamana na uchovu, usingizi uliovurugika, mabadiliko ya hamu ya kula, kujilaumu kupita kiasi na kushindwa kutuliza fikra. Kwa wagonjwa wengi, hali huwa mbaya zaidi asubuhi na hupata nafuu kadiri jua linavyoelekea kuzama. Mgonjwa huweza kushtuka usingizini saa 9 usiku, akakaa macho akihesabu mabati ya paa, kisha akapitiwa na usingizi mzito wakati jirani zake wanatoka kwenda shambani. Jioni ya siku hiyo hiyo akionekana anazungumza na wageni, ndugu huhitimisha kwamba asubuhi alikuwa akijifanya. Huenda hakuna hukumu inayomrudisha mgonjwa nyuma kuliko hii, kwa kuwa naye mwenyewe huanza kuiamini.

Zipo pia sababu zinazotokana na tiba yenyewe. Amitriptilini, mojawapo ya dawa zinazotumika kutibu sonona, huleta usingizi, na ndiyo maana kwa kawaida humezwa jioni. Ikimezwa usiku wa manane, uzito wake huweza kubaki kichwani hadi asubuhi. Mtu anayeona dawa inamlemea anapaswa kurudi kwa mtoa huduma aliyempatia ili saa au kiwango kiangaliwe upya. Asiiache ghafla kwa uamuzi wake. Dawa za sonona huhitaji wiki kadhaa kabla ya nguvu yake kuonekana, na wengi huziacha siku chache tu kabla ya kufika hapo.

Jambo lingine linahusu jua, na hapa wakazi wa magharibi ya Kagera wana hesabu yao. Saa za Tanzania ni moja kutoka Dar es Salaam hadi Rusumo, lakini jua halifuati saa za serikali. Ngara huchomozewa na jua takriban dakika 35 baada ya Dar es Salaam. Mwanzoni mwa Novemba jua huonekana karibu saa 12 na dakika 35 asubuhi. Katikati ya Februari na katika Julai huvuka saa 1 kamili. Ushauri wa redioni wa kuamka saa 11 alfajiri na kukimbia, ambao hata mkazi wa Pwani huutimiza gizani, kwa mkazi wa Kabanga au Rulenge ni kutoka katikati ya usiku, penye baridi ya milimani na mara nyingi ukungu. Aidha, katika barabara kuu ziendazo Rwanda na Burundi, malori hayampi nafasi mtembea kwa miguu asiyeonekana.

Kwa anayepona sonona, kutoka gizani hakuna faida ya ziada. Mwili wa binadamu una saa yake ya ndani inayopanga usingizi, joto la mwili na nguvu za mchana, na saa hiyo husahihishwa hasa na mwanga wa asubuhi unaoingia machoni. Sonona huivuruga. Anayelala hadi saa 4 ndani ya chumba chenye dirisha lililofungwa huinyima marekebisho hayo, na usiku unaofuata usingizi huchelewa tena. Kwa hiyo lengo linalofaa si kushindana na jogoo; ni kutoka nje ndani ya saa ya kwanza ya mwanga, na kuamka saa ile ile kila siku, Jumapili ikiwamo, hata kama usiku uliotangulia haukuwa mzuri. Kwa aliyezoea kuamka saa 4, robo saa mapema zaidi kila baada ya siku chache inatosha. Anayeruka kutoka saa 4 hadi saa 11 kwa azimio la usiku mmoja hushinda kwa siku mbili, akashindwa ya tatu, na kushindwa huko humrudishia maneno yale yale ya kujilaumu ambayo ugonjwa ulimfundisha.

Hapa ndipo lilipo fundisho kuu katika tiba ya sonona kwa njia ya vitendo: hamu haitangulii, hufuata. Mtu mzima wa afya husubiri ajisikie kutembea, kisha akatembea. Aliyeugua sonona akisubiri kujisikia, atasubiri sana, kwa kuwa kiungo kilichoumizwa ni hicho hicho cha kujisikia. Hana budi kuanza na tendo dogo lililopangwa jana yake, lisilohitaji uamuzi wa asubuhi. Kwa mfano, mkulima wa kahawa aliyekaa ndani miezi miwili anaweza kuanza na kufungua mlango, kunawa uso na kusimama uani hadi chai iive. Wiki inayofuata afike mpakani mwa shamba na kurudi. Baadaye afike kisimani, kisha barabarani. Viatu au kandambili viwekwe mlangoni tangu usiku. Siku akishindwa kufika mpakani, afike mlangoni. Siku hiyo nayo inahesabiwa.

Je, mazoezi husaidia kweli, au ni maneno ya kutia moyo tu? Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichapisha matokeo ya watu 156 wenye umri wa miaka 50 na zaidi waliokuwa na sonona. Kundi moja lilipewa dawa, la pili lilifanya mazoezi ya kutembea haraka au kukimbia taratibu mara tatu kwa wiki, na la tatu lilipewa vyote viwili. Dawa ilitangulia kuleta nafuu katika wiki za mwanzo. Baada ya wiki 16, hata hivyo, makundi yote matatu yalikuwa yamepata nafuu inayokaribiana. Utafiti huo hauruhusu mtu kutupa vidonge vyake. Waliofanya mazoezi walisimamiwa, na walikuwa watu walioweza kufika. Unachoonesha ni kwamba mwendo wa miguu una nafasi yake katika tiba, na kwamba nafasi hiyo huonekana kwa wiki nyingi, si kwa asubuhi moja.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 za shughuli ya wastani kwa wiki, na kazi za kila siku nazo zimo katika hesabu hiyo. Kulima, kuchota maji na kupanda mlima kwenda gulioni ni shughuli za mwili. Wengi wa wakazi wa wilaya hizi wakiwa wazima huvuka kiwango hicho bila kujua. Lakini isije ikaeleweka kwamba aliyeugua apelekwe shambani siku nzima ili apone haraka. Kupalilia mistari mitatu ya maharage na kurudi nyumbani ni tiba. Kuachiwa ekari moja ili athibitishe kwamba si mvivu ni adhabu.

Zaidi ya yote, waliofanya mazoezi kule Duke walifanya pamoja. Somo kama hilo, bila mazoezi, lilipatikana karibu zaidi na Kagera. Katika wilaya za Masaka na Rakai, kusini mwa Uganda, Rakai ikiwa inapakana na mkoa huu, watafiti walijaribu tiba ya mazungumzo ya vikundi katika vijiji 30, na matokeo yakachapishwa mwaka 2003. Wanaume walikutana na wanaume, wanawake na wanawake, mara moja kwa wiki kwa wiki 16. Viongozi wa vikundi hawakuwa madaktari. Walikuwa wenyeji waliofunzwa kwa wiki mbili. Mwishoni, waliobaki na dalili kamili za sonona walikuwa asilimia 6.5 katika vijiji vyenye vikundi, na asilimia 54.7 katika vijiji visivyo navyo. Mgonjwa alikuwa na mahali anaposubiriwa, na watu ambao wangeuliza kama hakufika.

Familia inaweza kutoa hicho bila bajeti yoyote. Dada, shemeji au jirani anayepita saa 1 na nusu kila asubuhi na kusema, "Twende hadi pale mwembeni," hufanya kazi kubwa kuliko anayegonga mlango na kuuliza mtu atalala mpaka lini. Desemba 2016, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi iliyotenga Jumamosi ya pili ya kila mwezi. Anayepona akialikwa siku hiyo atembee nyuma ya wakimbiaji, na asiulizwe kwa nini hakimbii.

Kurudi nyuma kwa siku mbili tatu si ugonjwa mpya. Wiki mbili mfululizo za kushindwa kutoka nje, kutokula au kutolala zinahitaji kurejea kwenye zahanati au kituo cha afya, ambako rufaa hutolewa kwenda hospitali. Mtu akianza kusema kwamba ni mzigo kwa wenzake, au kwamba afadhali asingekuwapo, asiachwe peke yake: asindikizwe kituoni siku hiyo hiyo, usiku au mchana, na dawa za kuulia wadudu wa mashambani ziondolewe nyumbani au zifungiwe. Kumuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua hakumpandikizii wazo hilo.

Anayekwenda kituoni abebe pakiti za dawa anazotumia, na kama inawezekana karatasi yenye saa alizolala na kuamka kwa wiki moja. Asiyeweza kuandika amtume mtoto wa shule amwandikie kila asubuhi.