Amonaiti Iliyopigwa Msasa na Thamani ya Lebo: Funzo kwa Wakusanyaji wa Nyeri na Miji ya Mlima Kenya

UTANGULIZI

Methali ya Kiswahili husema kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Hutumiwa kumwonya mtu anayevutiwa na sura ya nje bila kupima kilichomo ndani. Kwa mtu anayekusanya visukuku vilivyong'arishwa, onyo hili linafaa, ila lina sura nyingine. Ndani ya kisukuku hamna kipande cha mti. Mna habari za miaka mamilioni. Hatari ni kwamba mkono uleule unaokipa mng'aro unaweza kuzifuta habari hizo.

Makala haya yanachunguza ukusanyaji wa amonaiti zilizopigwa msasa, yakimlenga msomaji wa Nyeri, Karatina, Nanyuki, Meru na Embu, ambako visukuku hivi havipatikani ardhini. Yanajadili jinsi amonaiti inavyohifadhiwa na madini, suala la istilahi na ngeli yake, na uhusiano wa kazi hii na ukusanyaji wa fasihi simulizi. Hoja kuu ni kwamba thamani ya kisukuku hutegemea zaidi lebo yake kuliko mng'aro wake.

AMONAITI NA MADINI YANAYOIHIFADHI

Amonaiti walikuwa wanyama wa baharini wenye ganda lililojisokota. Ingawa ganda hilo humkumbusha mtazamaji konokono, jamaa zao wa karibu ni pweza na ngisi. Ganda liligawanywa kwa kuta nyembamba kuwa vyumba vingi. Mnyama aliishi katika chumba cha mwisho, kilicho kikubwa zaidi, na vyumba vilivyotangulia vilimsaidia kuelea. Wanyama hawa walitoweka takriban miaka milioni 66 iliyopita, katika maangamizi yaleyale yaliyowamaliza dinosaria wakubwa.

Mnyama alipokufa, ganda lilizama na kufunikwa na matope. Maji yenye madini yalipenya polepole, na fuwele zikajijenga ndani ya vyumba vitupu. Madini yanayoonekana mara nyingi ni kalisaiti, ambayo huwa nyeupe, ya kahawia au ya rangi ya asali. Palipokosekana oksijeni, chuma na salfa viliungana kufanya pairaiti, madini yenye rangi inayokaribia dhahabu. Kwingineko ganda lenyewe, ambalo ni la aragonaiti, lilisalia na lulumizi yake, nalo hung'aa kwa rangi nyingi. Katika jimbo la Alberta nchini Kanada, lulumizi ya namna hiyo huchimbwa na kuuzwa kama kito.

Sehemu kubwa ya amonaiti zilizong'arishwa ambazo huuzwa duniani hutoka Madagaska, hasa eneo la Mahajanga, kaskazini-magharibi mwa kisiwa hicho. Nyingi huuzwa kwa jina la Cleoniceras, na zina umri wa takriban miaka milioni 110.

KUPIGA MSASA: KINACHOPATIKANA NA KINACHOPOTEA

Fundi huikata amonaiti katikati kwa msumeno wenye makali ya almasi, akapata nusu mbili zinazofanana. Kisha huusugua uso uliokatwa kwa msasa mkwaruzo, halafu kwa msasa laini zaidi na zaidi, na hatimaye kwa unga wa kung'arishia. Kazi hii ina faida ya kielimu. Vyumba, kuta na fuwele ambazo zingebaki zimefichika huonekana waziwazi, na mwalimu anaweza kueleza muundo wa mnyama bila mchoro.

Hata hivyo, msasa unaopigwa upande wa nje una gharama. Mtaalamu huitambua spishi kwa kuangalia mbavu za ganda pamoja na mistari ya maungio, yaani alama zinazoachwa mahali ambapo kuta za ndani hukutana na ganda. Ganda likisuguliwa kidogo, mistari hiyo hujitokeza. Likisuguliwa mno, mbavu na mistari hupotea pamoja. Aidha, mafundi wengine huziba nyufa kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mawe, au huunganisha vipande vya amonaiti mbili kuwa moja. Mng'aro huyaficha hayo yote.

Historia ina mfano wa jambo hili. Katika mji wa Whitby, Uingereza, kuna kisasili kwamba Mtakatifu Hilda aliwageuza nyoka kuwa mawe. Amonaiti za pwani hiyo zilichukuliwa kuwa ndio nyoka hao. Kwa kuwa hazikuwa na vichwa, wauzaji walizichonga vichwa vya nyoka. Kisasili hicho ni hazina ya fasihi, lakini jiwe lililochongwa kichwa lilipunguziwa ushahidi wake ili lilingane na hadithi ambayo mnunuzi alipenda kuisikia.

MLIMA KENYA NA PWANI

Anayechimba kisima Nyeri au kupasua mawe ya ujenzi Nanyuki hawezi kutarajia kuona amonaiti. Mlima Kenya ulijengwa na volkeno takriban miaka milioni 3 iliyopita. Amonaiti wa mwisho alikuwa amekufa zaidi ya miaka milioni 60 kabla ya mlima huo kuwepo. Isitoshe, mnyama wa baharini hahifadhiwi katika zaha iliyotoka ardhini ikiwa moto. Mlima huu una sifa zake: mwaka 1900 mwanajiolojia J. W. Gregory aliupa mwamba mmoja wa volkeno jina la kenaiti, kutokana na jina la mlima. Mwamba wa aina hiyo unapatikana pia katika Mlima Erebus, Antaktika, na hata huko umebeba jina la Kenya.

Amonaiti za Kenya ziko Pwani, katika miamba ya zama za Jurasiki iliyo karibu na Mombasa. Wanajiolojia waliitaja miamba hiyo kwa majina ya mahali: Miritini, Rabai, Changamwe. Msafiri Mjerumani Johann Maria Hildebrandt alikusanya amonaiti za Mombasa, na Ernst Beyrich akazieleza mjini Berlin mwaka 1877 na 1878. Hildebrandt huyohuyo alisikia habari za Mlima Kenya katika safari zake, lakini hakuufikia. Mwaka 1930, L. F. Spath alichapisha uchunguzi mpana wa amonaiti za Mombasa, uliotokana na mkusanyo uliopelekwa Makumbusho ya Hunterian, Glasgow. Kazi hizo ziliwezekana kwa sababu mawe yalifika Ulaya yakiwa na majina ya mahali yalikotoka. Yangefika yakiwa yameng'arishwa tu, bila maelezo, yangekuwa mapambo ya mezani.

SUALA LA ISTILAHI NA NGELI

Kiswahili kina istilahi iliyozoeleka kwa jumla ya vitu hivi, nayo ni kisukuku, wingi visukuku. Ugumu huanza mtu anapotaka kutaja kisukuku cha aina moja. Njia tatu zinaweza kupendekezwa.

Njia ya kwanza ni maelezo, kwa mfano "konokono wa jiwe". Jina hili linaeleweka upesi, lakini linapotosha, kwa kuwa mnyama huyu hakuwa konokono. Njia ya pili ni tafsiri. Warumi waliyaita mawe haya pembe za Amoni, kwa kuyafananisha na pembe za kondoo dume ambazo mungu huyo wa Misri alichorwa nazo. "Pembe ya Amoni" ni tafsiri sahihi, ila haimsaidii mwanafunzi wa Karatina asiyemjua Amoni. Njia ya tatu ni utohozi. Hapa pana mvutano kati ya amoniti, kwa mfano wa graniti, na amonaiti, kwa mfano wa satelaiti. Makala haya yanatumia amonaiti kwa sababu inakaribia matamshi ambayo wanafunzi wengi wa Kenya huyasikia darasani. Lililo muhimu zaidi ni kwamba mwandishi akichagua umbo moja alifuate hadi mwisho.

Suala la ngeli linavutia zaidi. Mnyama aliye hai kisarufi huingia katika ngeli ya A-WA: amonaiti aliogelea, amonaiti walitoweka. Kisukuku chake, kama ganda la kauri lililotungwa kwenye ushanga, ni kitu: amonaiti ilikatwa, amonaiti zimeng'arishwa. Kwa hiyo upatanisho wa kisarufi unaonyesha kama kinachozungumziwa ni uhai wa kale au ni jiwe lililo mkononi. Mwandishi anayechanganya ngeli hizi mbili humchanganya msomaji kuhusu jambo lenyewe.

LEBO YA JIWE NA LEBO YA NGANO

Mkusanyaji aliyeko Nyeri, akionyeshwa amonaiti ya kuuzwa, anapaswa kuuliza mahali ilikotoka kabla ya kuuliza bei. Akishainunua, aiandikie lebo. Mfano ni huu:

Jina: amonaiti, Cleoniceras.
Zama: Kretasia, takriban miaka milioni 110 iliyopita.
Mahali: Mahajanga, Madagaska.
Madini: kalisaiti vyumbani, lulumizi ya aragonaiti kwenye ganda.
Kazi iliyofanywa: imekatwa katikati, upande mmoja umepigwa msasa, ufa mmoja umezibwa kwa gundi.
Njia iliyopitia: aliyeiuza, mji na tarehe.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi atayatambua mambo haya mara moja. Ndiyo anayofunzwa kuyaandika anapokusanya ngano: fanani, hadhira, mahali, tarehe, lugha ya utambaji, na mabadiliko yaliyofanywa na mwandishi. Ngano iliyosanifishwa na kufasiriwa nayo imepigwa msasa. Husomeka vizuri, lakini vikwazo vya pumzi, viitikio vya hadhira na lafudhi ya mtambaji vimeondolewa.

Nyeri ina mfano wake. W. Scoresby Routledge na mkewe Katherine waliishi katika eneo hilo mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1910 wakachapisha kwa Kiingereza kitabu kuhusu Wagikuyu. Humo mna ngano ya msichana Wanjiru, aliyetolewa kafara na jamaa zake ili mvua inyeshe. Ngano hiyo imechapishwa tena baadaye katika mikusanyo mingine ya ngano za Kiafrika. Msomaji anayekutana nayo huko asitosheke na jina la kabila lililoandikwa chini yake. Hana budi kurudi kwenye kitabu cha 1910 na kuuliza nani alisimulia, kwa maneno gani, na mfasiri alibadilisha nini. Bila maswali hayo, Wanjiru huwa jiwe zuri lisilojulikana lilikochimbwa.

SHERIA NA UTUNZAJI

Sheria ya Kenya ya Makumbusho ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inamtaka mtu anayegundua kitu chenye umuhimu wa kiakiolojia au cha visukuku atoe taarifa kwa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya katika muda wa siku saba, akieleza mahali hasa na mazingira ya ugunduzi, na kukikabidhi kitu hicho. Kwa hiyo, Mkenya aliyezuru Pwani akaokota amonaiti hapaswi kuipeleka kwa fundi wa msasa. Mkazi wa eneo la Mlima Kenya anayehitaji ushauri ana Makumbusho ya Nyeri, yaliyo katika jengo lililokuwa mahakama ya wenyeji enzi za ukoloni, na Makumbusho ya Meru. Yote mawili yako chini ya taasisi hiyo.

Amonaiti iliyonunuliwa kihalali huhitaji matunzo. Kalisaiti ni laini na huliwa na asidi, hivyo isisafishwe kwa siki wala maji ya ndimu. Pairaiti huharibiwa na unyevu: hugeuka unga na kutoa asidi inayolila jiwe lenyewe na hata karatasi ya lebo. Katika baridi na ukungu wa Nyeri wa Juni hadi Agosti, ihifadhiwe mahali pakavu ndani ya chombo chenye kifuniko, na lebo iandikwe nakala ya pili katika daftari.

HITIMISHO

Imeonekana kuwa msasa hufichua mambo fulani na kufuta mengine, na kwamba lebo ndiyo inayomwezesha mtu wa baadaye kujua lipi limefutwa. Mwalimu wa Kiswahili katika shule ya Othaya au Chuka anaweza kuwaonyesha wanafunzi amonaiti moja, wakaiandikia lebo kwa Kiswahili sanifu, kisha kila mmoja akaenda kwa babu au nyanya yake na kuandika ngano moja kwa utaratibu uleule. Jiwe lililohifadhiwa na madini linaweza kusubiri miaka mingine milioni. Mtambaji hawezi kusubiri, na ngano zake zisipoandikwa pamoja na jina lake, kijiji chake na maneno yake mwenyewe, hakuna fundi atakayeweza kuzirudisha.