Modeli Sahihi ni Ipi? Somo la Uwiano kutoka Mabawa ya Spitfire

Wenzangu, tuanze na hesabu. Spitfire Mk I, mojawapo ya ndege za kivita zilizolinda anga ya Uingereza mwaka 1940, ilikuwa na mabawa ya mita 11.23 kutoka ncha hadi ncha, na urefu wa mita 9.12 kutoka pua hadi mkia. Gawanya kwa 72, utapata milimita 156 na milimita 126.7 hivi. Gawanya kwa 48, utapata milimita 234 na 190. Namba hizo nne zinatosha kukiweka kiwanda cha modeli kwenye chumba cha mtihani, na msahihishaji anahitaji rula tu.

Nazungumzia zile seti za plastiki: unanunua boksi, ndani mna vipande vimeshikana kwenye fremu, unavikata, unavigundisha, unapaka rangi, mwisho unapata ndege ya kuweka juu ya meza. Mwenzangu wa chumba huziita midoli. Simbishii. Ila wenye midoli hawana ugomvi kama wa hawa wapenzi wa modeli, wanaoweza kubishana miaka kuhusu seti ipi ni sahihi kuliko nyingine. Ukiwasikiliza vizuri unagundua kwamba mara nyingi hawabishani juu ya kitu kimoja. Huyu anasema urefu, yule anasema umbo, wa tatu amekomalia rejeta. Wote wanatumia neno lile lile: sahihi.

Sisi tunaosomea ualimu tutalitumia neno hilo kila siku, tena kwa kalamu nyekundu. Kwa hiyo nimeligawa katika maswali matano.

1. Vipimo vinalingana?

Milimita moja ikizidi kwenye modeli ya 1/72, umeiongezea ndege halisi sentimita 7.2. Kwenye 1/48 milimita hiyo hiyo ni sentimita 4.8. Lakini usikimbilie kushtuka, kwanza tafuta asilimia. Milimita 1 kati ya 156 haifiki hata asilimia 1, na jicho haliioni.

Mfano maarufu wa kosa la vipimo ni Messerschmitt Bf 109G-6 ya Eduard, kiwanda cha Jamhuri ya Czech, iliyotoka mwaka 2014 kwa skeli ya 1/48. Ilikuwa na mistari mizuri na vipande vingi vya kuvutia. Tatizo ni kwamba ilikuwa kubwa kuliko skeli iliyoandikwa kwenye boksi, na wanunuzi wakaligundua hilo kwa kupima. Mabawa ya Bf 109G yalikuwa mita 9.92, kwa hiyo kwenye 1/48 yanatakiwa kuwa milimita 206.7. Ukizidisha milimita 4 tu hapo, umevuka kwa karibu asilimia 2, na ndege halisi imeota sentimita 19.2. Eduard walichonga kalibu mpya na mwaka 2016 wakatoa seti iliyorekebishwa. Kalibu za chuma ni ghali, si kitu cha kufuta kwa ufutio. Hapo nawapa maksi zao.

2. Umbo je?

Rula inapima ncha mbili. Haijui kilichopo katikati. Bawa la Spitfire, kutoka kwenye timu ya R. J. Mitchell, lina umbo la duaradufu: kingo zake zinapinda taratibu hadi nchani, hakuna mahali zinaponyooka kwa muda mrefu. Modeli inaweza kuwa na milimita 156 kamili na bado bawa likawa limechongoka mno au limenenepa mno. Ni sawa na mwanafunzi aliyepata jibu la mwisho lakini njia yake haieleweki.

Dawa yake ni kupima upana wa bawa mahali kadhaa, tuseme matano, kuanzia linapoungana na mwili hadi karibu na ncha, kisha kulinganisha na mchoro wa ndege uliopunguzwa kwa skeli hiyo hiyo. Hapo umbo linaanza kuongea.

3. Ni toleo gani, na la lini?

Spitfire si ndege moja, ni ukoo. Ukiigeuza Mk I chini juu, utaona upande mmoja wa mabawa una rejeta na upande wa pili una kipozeo kidogo cha oili. Havifanani. Kwenye Mk IX pande zote mbili zina maboksi yanayolingana, pangaboi lina makasia manne, na pua ni ndefu zaidi. Ndugu zao wa Ujerumani nao ni hivyo hivyo: Bf 109E ina ncha za mabawa zilizokatwa na fito za kushikilia mkia, wakati Bf 109G ina ncha za mviringo na fito hazipo.

Kwa hiyo modeli yenye vipimo safi inaweza kufeli kwa sababu imechukua pua ya mdogo ikaiweka kwa kaka. Kwa mwalimu wa historia hili ndilo swali zito zaidi, maana kielelezo kinachochanganya matoleo kinachanganya na miaka.

4. Uongo upi unakubalika?

Mabati ya ndege halisi yameungana kwa nafasi nyembamba sana. Kiwanda kikichora mstari wa milimita 0.2 kwenye 1/72, hesabu inasema ndege halisi ingekuwa na ufa wa milimita 14.4, ufa wa kuingiza kidole. Ukingo wa nyuma wa bawa ukiwa na unene wa milimita 0.5, kwenye ndege halisi hiyo ni sentimita 3.6. Plastiki ina kikomo chake, ikiwa nyembamba mno haijai kwenye kalibu au inavunjika mkononi.

Seti nyingi za zamani zilikuwa na mistari iliyoinuka, za siku hizi zimechorwa kwa ndani. Zote zinadanganya, tofauti ni kiasi. Ramani ya ukutani nayo huchora barabara pana kuliko ilivyo, la sivyo usingeiona. Huo si uzembe, mradi mtazamaji ajue.

5. Walitoa wapi?

Swali hili tunalikwepa, na pengine lingetangulia yote. Miaka ya 1950 Airfix ya Uingereza ilitoa Spitfire yake ya kwanza ya 1/72. Haikupimwa kwenye ndege. Ilinakiliwa kutoka modeli ya 1/48 ya Aurora, kampuni ya Marekani, ikapunguzwa tu. Kunakili huko kulionekana hata kwenye herufi za ubavuni: BT-K huku, BT-K kule. Fikiria: Waingereza, wenye ndege yenyewe nyumbani kwao, wanaiga umbo lake kutoka kwa mtu wa ng'ambo ya bahari.

Sasa angalia hesabu yake, maana hapa pana somo. Kosa la asilimia 2 kwenye 1/48, ukilipunguza hadi 1/72, linabaki asilimia 2. Milimita zinapungua, uwiano haubadiliki. Kosa likinakiliwa halifi, linakuwa dogo machoni tu. Anayepokea asainimenti ya mwenzake kwenye WhatsApp saa sita usiku, akabadilisha fonti na kufupisha aya mbili, anafanya kazi ile ile ya kupunguza skeli.

Kuna jambo moja halimo kwenye maswali matano, na nimeliacha nje makusudi: kuunganika. Tamiya ya Japani, iliyotoa Spitfire Mk I mpya ya 1/48 mwaka 2018, inasifiwa mno kwa vipande vinavyokaa pamoja bila kulazimishwa. Sifa hiyo ni ya haki, lakini ni sifa ya ufundi wa kalibu. Seti inaweza kuunganika kama siagi na kuwa na umbo bovu, na nyingine ikakutoa jasho wakati umbo lake ni zuri. Mwandiko safi haujathibitisha kwamba insha ina hoja.

Kwenye mazoezi ya kufundisha niliingia kidato cha pili na modeli zangu mbili za Spitfire Mk I za 1/72, kutoka viwanda viwili ambavyo sitavitaja. Niliziita A na B, nikawauliza wanafunzi ipi ni sahihi. Kundi la kwanza lilichukua rula: A ina 156, B ina 154. Wakachagua A. Kundi la pili lilichora bawa la kila modeli kwenye karatasi ya grafu, likalilinganisha na mchoro niliowapa. Ncha za A zilikuwa zimechongoka, B ilifuata mpindo vizuri. Wakachagua B. Kelele zikaanza. Msichana mmoja wa kundi la rula akasimama: "Mwalimu, si useme tu jibu lako ni lipi tuandike?"

Darasa zima lilishika kalamu kusubiri. Kusema ukweli, kusema "A" kungemaliza kipindi kwa amani. Badala yake niliwaambia kila kundi liandike sentensi moja inayoanza na "Ni sahihi ukilinganisha na...". Kundi la rula likaandika "upana wa mabawa wa mita 11.23". Kundi la grafu likaandika "mchoro wa bawa", kisha mvulana mmoja akauliza mchoro wenyewe ulichorwa na nani. Swali la tano, na sikuwa nimewafundisha.

Makundi yote mawili yalipata maksi. Yule msichana hakuridhika, akaenda kupima tena B, akaniletea hesabu: milimita 2 zilizopungua ni sentimita 14.4 kwenye ndege halisi, sawa na asilimia 1.3. Akaongeza mwenyewe chini yake: "Kosa la B ni dogo na linajulikana. La A silijui ukubwa wake."

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, nachukua B. Nawe ukienda kusahihisha madaftari, au ukisimama mbele ya seti mbili dukani na pesa ya boom mfukoni, usiandike "sahihi" halafu ukaweka nukta. Malizia sentensi.