Kivuli cha Mwembe na Muhogo wa Jirani

Kengeja, kusini ya Pemba, mashamba yamepakana, na mwembe wa huyu hutandaza matawi juu ya muhogo wa yule. Muhogo ukitoka mwembamba kama kidole, mwenyewe husema ardhi imechoka. Huenda ardhi haina kosa.

Mti hauli udongo. Mwaka 1648 kilipigwa chapa kitabu cha tabibu wa Ubelgiji, Jan Baptist van Helmont, aliyekuwa amekwisha kufa. Humo alieleza kuwa alipanda mche katika chombo chenye ratili 200 za udongo mkavu, akaunywesha maji tu muda wa miaka 5. Mti ukafika ratili 169, na udongo ulipokaushwa tena ulikuwa umepunguka kadiri ya wakia 2. Akadhani mti wote ni maji. Hapo alikosea, kwani hewa hakuihesabu.

Upande wa chini wa jani mna vitundu visivyoonekana kwa macho. Humo huingia hewa ya kaboni, ile itokayo katika pumzi za mtu na moshi wa kuni, nayo ni sehemu 4 na kidogo tu katika kila sehemu 10,000 za hewa. Maji hupanda toka mizizini. Nuru ya jua hunaswa na rangi ya chanikiwiti iliyomo ndani ya jani, na kwa nguvu ya nuru hiyo maji hupasuliwa: sehemu moja huungana na kaboni ikawa sukari, na oksijeni hutoka nje, ndiyo wanadamu waivutayo. Sukari hushuka mizizini ikageuka wanga, na huo ndio muhogo. Udongo hutoa chumvi chache, nazo hazina budi, walakini ni kama chumvi ya mchuzi: peke yake haishibishi.

Kadhalika ukuni uwakapo, joto lake ni nuru ya jua iliyowekwa akiba. Msomaji wa Sura ya Yasin ataukumbuka moto wa mti mbichi uliotajwa katika aya ya 80. Wafasiri wa kale walitaja miti miwili ya Bara Arabu, markhi na afari, iliyosuguliwa ikatoa moto; wala maana yao haifutwi na ilimu hii.

Kazi ya jani haina mwendo mmoja. Mwaka 1905 Mwingereza F. F. Blackman alieleza kanuni yake, ya kwamba huzuiwa na kile kilicho haba kuliko vyote. Ni mfano wa jahazi: upepo ukikosekana, kuongeza mabaharia hakufai kitu. Chini ya mwembe kilicho haba ni nuru, basi amwagaye samadi hapo ataabika bure. Wakati wa kiangazi haba ni maji. Jani hufunga vitundu vyake lisikauke, na hewa ya kaboni ikakosa mlango, jua liwe kali namna gani. Joto huihimiza kazi mpaka kipimo chake, kisha huiharibu. Na achumaye kisamvu kupita kiasi amelipunguza jiko lenyewe. Si kusema kila mmea hutaka jua sawa, maana mche mchanga wa mkarafuu hutafutiwa kivuli usiungue.

Mwenye shaka na atie majani mabichi ya kidimbwini katika gilasi ya maji, aiweke juani. Ataona mapovu madogo yakipanda. Akifunika kwa nguo, yatapungua.

Ama matawi yaliyovuka mpaka, wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi wameyasemea. Hewa iliyo juu ya shamba hufuata milki ya shamba. Matawi ya jirani yakiingia humo, mwenye shamba ana haki kumtaka ayaondoe. Akikataa, aweza kuyapinda yarudi, na yasipopindika aweza kuyakata. Matunda yake hubaki ya mwenye mti. Wala haijuzu kupatana kwa fedha ili tawi liachwe likining'inia, kwa kuwa hewa peke yake haiuzwi. Wallahu aalam.