Nilivyosoma Nikiwa na Msiba, Huku Ujiji

Mume wangu alipofariki, shangazi alinifuata Tanga akanileta kwake Ujiji. Tangu hapo wafiwa wenzangu huniuliza nilimudu vipi. Nilisoma, nilikaa peke yangu, kisha nikarudi kwa watu. Hilo la tatu ndilo wengi wanaloliruka.

Anza na mwandishi aliyepita ulipo wewe. Mimi nilishika Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini cha Shaaban Robert, kwa sababu ni mtu wa kwetu Tanga na alifiwa na mkewe, Amina. Alimlilia kwa shairi, waziwazi, mwanamume wa zama zile. Usijitie mbio. Soma ukurasa mmoja au miwili kwa sauti, funga kitabu, endelea na kazi. Baadaye nilipata barua alizomwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, kati ya 1931 na 1958. Gwiji mwenyewe kumbe alihitaji wa kumweleza yake!

Kichwamaji cha Kezilahabi (1974) kiweke kando kwanza. Kwangu ndiyo riwaya yake bora, lakini mhusika wake mkuu, Kazimoto, anaisaka maana ya maisha mpaka anajiua. Kisome ukishaanza kulala vizuri, na uwe na mtu wa kubishana naye.

Upweke nao uwekee mpaka. Jioni nilikuwa nashuka ziwani, simu naiacha nyumbani, nakaa kuitazama milima ya Kongo ng'ambo huku jua likizama nyuma yake. Kulia ruksa. Adhana ya magharibi ikisikika, nainuka, nakung'uta mchanga, narudi kuwasha jiko. Bila mpaka huo ningekesha pale.

Ama kurudi kwa watu, hapa Ujiji tunaye mfano, ingawa wageni wanaokuja kwenye makumbusho hutaka tu kujua watu wawili walivyosalimiana chini ya mwembe. Mwaka 1871 mmisionari na mpelelezi Livingstone alirudi hapa kutoka Manyema akiwa hoi, akakuta bidhaa zake zimeuzwa. Kitabu alikuwa nacho: aliandika kwamba huko Manyema aliisoma Biblia yote mara nne. Ndipo mwandishi wa habari Stanley akafika na mfuko wa barua. Kwa maelezo ya Stanley, mzee aliuweka mapajani, akasoma barua moja mbili za wanawe, kisha akasema barua amezingoja miaka, zinaweza kusubiri kidogo. Apewe kwanza habari za dunia. Aliyekuwa anakula milo miwili isiyo na ladha akaanza kula mara nne kwa siku. Wakapanda mtumbwi pamoja hadi mto Ruzizi, kaskazini mwa ziwa. Kilichomrudishia hamu ya kula ni mazungumzo.

Mimi mazungumzo niliyapata kwenye vichanja vya dagaa. Mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi inapumzika na vichanja vinabaki vitupu. Siku hizo wanawake wana nafasi. Shangazi aliniona na kitabu akasema, "Mwanangu, soma kwa sauti, sisi wengine macho yamechoka." Nikawasomea Wasifu wa Siti binti Saad, kazi nyingine ya Shaaban Robert. Nilipofika pale Siti anapochuuza vyungu kabla ya kuwa mwimbaji wa taarabu, mama mmoja akanikatisha: mtaji alipewa na nani? Wakabishana juu ya mtaji, waume na madeni hadi kitabu kikasahaulika. Katikati ya kelele hizo bibi mmoja, mjane wa mvuvi, akaanza kumsimulia mumewe, nami nikajikuta namsimulia wangu. Nilikuwa sijalitamka jina lake mbele ya watu tangu mazishi.

Kwa hiyo usichague kitabu kigumu ili uonekane msomi. Chagua chenye visa, ukubali kukatizwa, na usiwe na haraka ya kurudi kwenye ukurasa.

Kuna huzuni isiyosikia kitabu wala soga. Ukiona wiki zinapita huli, hulali, au unawaza kujidhuru, mwambie mtu leo hii na uende hospitali. Kwa sisi wa Kigoma, Maweni ipo. Na wewe uliye salama, kama una jirani mfiwa, usimpelekee kitabu ukaondoka. Kaa umsomee.