Kijidudu Kikaacho Ndani ya Mlinzi

Mtu aliyeshikwa na kifua kikuu akianza kumeza dawa, mara nyingi baada ya majuma machache kikohozi hupungua, homa ya jioni humwacha, naye huanza kunenepa tena. Hata mwisho wa mwezi wa pili hujiona mzima, aweza kushika jembe. Lakini mganga humwambia, "Bado miezi minne." Wengi huchukizwa na neno hili, hudhani kwamba mganga ataka kuwachosha bure. Kumbe sababu imo katika tabia ya kijidudu chenyewe.

Jioni ya tarehe 24 Machi 1882, katika mji wa Berlin, daktari Mjerumani aitwaye Robert Koch aliwaonyesha wenziwe, kwa darubini ya kukuzia vitu vidogo, vijiti vyembamba alivyokuwa amevitia rangi ya buluu. Siku zile watu wengi wa Ulaya walidhani kwamba kifua kikuu ni urithi wa ukoo. Koch alithibitisha kwamba hukiletwa na vijiti hivyo, navyo ni viumbe hai. Ni vidogo mno: ukivipanga 300 kimoja nyuma ya kingine, utapata mstari wa milimita moja hivi.

Mwaka ule ule, huko Messina katika kisiwa cha Sicily, mtaalamu wa wanyama, Elie Metchnikoff, alikuwa akitazama watoto wa kiti cha pweza, ambao miili yao hupenyeka kwa macho kama kioo. Akamchoma mmojawapo kwa mwiba wa mwaridi, akaenda kulala. Asubuhi akaona chembe hai nyingi zimeuzunguka mwiba, zataka kuumeza. Hapo akatambua kwamba mwili una walinzi wake, ambao huwavamia wageni wabaya na kuwala. Katika mwili wa mwanadamu walio wakubwa katika hao aliwaita walaji wakubwa, na jina hilo wanalo hata leo.

Basi, ni nini hutokea walaji hao wakutanapo na vijiti vya Koch?

Mgonjwa akikohoa, akipiga chafya au hata akiimba, matone madogo yasiyoonekana hutoka kinywani na kuelea hewani kwa muda wa saa nyingi, hasa chumbani pasipo madirisha. Mwingine huyavuta kwa pumzi, nayo hushuka mpaka mwisho kabisa wa mapafu. Huko mlaji mkubwa yuko zamu. Hukikamata kijidudu mara moja, hukimeza, na kukifunga katika kifuko kidogo ndani ya mwili wake. Kwa desturi kifuko hicho huungana na kifuko kingine chenye asidi na maji makali ya kuyeyusha chakula, na ndio mwisho wa adui. Vijidudu vingi sana hufa hivyo kila siku, wala sisi hatuna habari.

Lakini kijidudu cha kifua kikuu kina ngozi nene yenye mafuta kama nta, tena hutoa vitu vinavyozuia vifuko vile viwili visiungane. Basi hukaa salama katika kifuko chake, hula na kuzaana. Ni kana kwamba paka amemeza panya, na panya yule akajifanyia tundu tumboni mwa paka na kuzaa humo. Huzaana polepole; kimoja huwa viwili kwa muda wa saa 20 hivi, na hali vijidudu vingine vya matumbo yetu huweza kufanya hivyo kwa dakika 20. Mwisho mlaji hufa na kupasuka, walaji wengine huja kuzoa mabaki, nao humeza adui pamoja nayo.

Mwili unayo silaha nyingine, yaani vitu vielea katika damu ambavyo hunata juu ya vijidudu na kuviharibu. Walakini silaha hiyo haifai sana hapa, kwa kuwa adui amejificha ndani ya nyumba ya mlinzi. Hapana budi mlinzi mwenyewe atiwe nguvu. Kwa hiyo wajumbe hutoka mapafuni, wachukua vipande vya kijidudu mpaka kwenye tezi, na huko chembe nyeupe za damu ziitwazo chembe T hufundishwa kumjua adui huyu. Mafundisho hayo huchukua majuma kadha, nao ni muda mrefu wa kumwacha mwizi nyumbani. Zikisha kufundishwa, chembe T huenda mapafuni na kutoa kitu kiitwacho interferoni gama. Mlaji akikipata hupata nguvu mpya: vifuko huungana, asidi humwagika, na vijidudu vingi huuawa.

Vingi, si vyote. Vilivyosalia huzungukwa na walaji na chembe T, safu juu ya safu, hata huwa kifundo kigumu kama boma. Ndani ya boma hilo vijidudu hulala, pengine miaka mingi. Yakadiriwa kwamba kadiri ya robo ya watu wote duniani wameambukizwa kijidudu hiki. Hawakohoi, wala hawamwambukizi mtu. Katika kila 100 wa hao, kiasi cha 5 mpaka 10 tu ndio watakaougua wakati wowote wa maisha yao.

Boma hubomoka walinzi wapungukiwapo. Virusi vya UKIMWI huziua chembe T zenyewe, na kwa sababu hiyo magonjwa haya mawili huandamana sana. Njaa, kisukari, uzee na tumbaku pia hulidhoofisha. Hapo kifundo huoza katikati, humwagika katika njia ya pumzi, na mgonjwa huanza kukohoa na kuwatilia wengine vijidudu hewani.

Zamani kabla ya dawa kupatikana, waganga waliweza kuusaidia mwili tu ulishike boma lake: kwa mapumziko, chakula kizuri na hewa safi. Hospitali ya Kibong'oto, penye miteremko ya Kilimanjaro, ilianzishwa kwa wagonjwa wa namna hii mwaka 1926. Koch mwenyewe alitangaza dawa mwaka 1890, nayo haikuponya mtu. Lakini ilifaa baadaye kwa kupima ngozi, ili ijulikane kama chembe T za mtu zimekwisha kukutana na adui.

Leo mgonjwa kwa kawaida hupewa dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi minne. Hupewa kadha pamoja kwa sababu katika mamilioni ya vijidudu vimo vichache ambavyo dawa moja peke yake haviui. Zikikosekana nyingine, hivyo ndivyo vitakavyobaki na kuzaana, na uzao wao ni mgumu kuponya. Vijidudu vilivyo macho, vinavyozaana, hufa upesi, ndiyo maana kikohozi huondoka mapema. Vilivyolala katika vifuko vya walaji na katikati ya vifundo dawa huvipata kwa shida. Hivyo havimfanyi mtu akohoe, wala makohozi yakipimwa havionekani. Navyo ndivyo vinavyotafutwa na dawa ya mwezi wa tatu, wa nne, wa tano na wa sita.