Sinema ya Wawindaji

Mgeni akija kwetu Baraka na mashine ya kupiga sinema, atapiga picha gani? Bila shaka atakwenda kando ya ziwa asubuhi, wavuvi wanaporudi na mitumbwi. Lakini mama zetu wanaoanika ndagala mchangani, je, atawaona? Asipowaona, picha zake si za uongo, walakini zimepunguka.

Mwaka 1922 ilitoka sinema ya Robert Flaherty juu ya Wainuiti, wawindaji wa nchi ya baridi kali, kaskazini ya Kanada. Watu hao walikuwa wamekwisha kuzoea bunduki. Flaherty akawataka wawinde kwa mikuki ya zamani. Nyumba yao ya theluji ilikuwa na giza, kwa hiyo wakajenga nusu nyumba, mwanga upate kuingia, wakajifanya wanalala humo. Sinema ilipendeza sana. Watazamaji wangejuaje habari ya bunduki?

Sasa tuvuke ziwa letu mpaka Kigoma, tusafiri mbali upande wa mashariki, tufike ziwa Eyasi katika Tanzania. Huko wanakaa Wahadza. Tangu zamani hawakulima wala hawakufuga. Chakula chao kilitoka porini, na hata leo wako wanaoishi hivyo. Wanaume huwinda kwa upinde na mishale ya sumu, tena hurina asali. Wanawake huchukua vijiti vilivyochongwa ncha, huchimba mizizi na kuchuma matunda, watoto wakiwafuata.

Mwaka 1958 mtaalamu mmoja Mwingereza, James Woodburn, alianza kukaa nao na kujifunza lugha yao, ambayo ina sauti za kualika ulimi. (Jaribuni ninyi, mtaona kazi!) Alikadiria ya kuwa, kwa uzito, pengine sehemu 80 katika 100 za chakula chao zilikuwa mizizi na matunda. Nyama na asali zilikuwa 20 tu. Mwaka 1966 ikatoka sinema aliyoitengeneza pamoja na Sean Hudson. Habari yake ni jinsi Wahadza walivyotafuta chakula.

Mshale ukiruka, kila mtu hugeuka kutazama. Mama akiinama kuchimba mzizi, nani atashangaa? Lakini jioni, mwindaji akirudi mikono mitupu, watoto hula mzizi ule.

MAULIZO

1. Flaherty aliwataka Wainuiti wafanye nini?
2. Wahadza walipata wapi sehemu kubwa ya chakula chao?
3. Mgeni akipiga sinema ya siku moja kwenu, usingependa asahau kazi ya nani?